Bustani ya Tahira na Mkeka wa Nane

Mgeni aliingia uwanjani akiwa na tope hadi magotini. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi.

"Hodi! Amahoro! Jamani, nisaidieni maji. Pikipiki imenitupa pale kwenye kona, na wakulima wananingoja kwenye mkutano."

Tahira aliweka ufagio chini. Alikuwa anamalizia kufagia uwanja wa mbele. Huko Rumonge, katika mtaa wao, mwanamke hujulikana kwa uwanja wake. Mama mkwe wake, Bibi Kadidja, alipenda kusema, "Uwanja wa mbele ni uso wa nyumba." Hakutaka kuona pale hata ganda la karanga.

"Pole, dada," alisema Tahira. "Karibu. Maji iko nyuma, kwenye bidoni."

Kazi zote za uchafu za nyumba hiyo zilifanyika nyuma. Huko, chini ya michikichi mitatu mirefu, Mansuri, mume wa Tahira, alichemsha ngazi, yale matunda ya michikichi, na kukamua mawese. Na hukohuko, kando ya jiko la mawese, Tahira alikuwa na matuta mawili ya mboga.

Mgeni aliinamisha lile dumu, akanawa miguu. Kisha akasimama, akayatazama yale matuta kwa muda.

"Nani anaumwa hapa?" aliuliza.

"Hakuna. Sisi sote wazima, alhamdulillahi."

"Na hawa je?" Alionyesha kwa kidole lengalenga, mchicha wa huko. Mashina yalikuwa membamba kama njiti, majani yamegeuka manjano.

Tahira alicheka, lakini kicheko kilimkauka haraka. "Dada, hiyo ni mara ya pili. Mara ya kwanza hata haikuota. Mume wangu amesema nikishindwa tena, hapa atajenga jiko lingine la mawese. Na kwenye kituo cha afya wameniambia mutoto wangu Mariam ale mboga za majani kila siku. Za sokoni zinanifikia zimeshalala."

"Mimi naitwa Sumaya," alisema mgeni. "Ni agronomu. Nafundisha wakulima wa mboga kuanzia Kabezi mpaka huku. Niambie, kwa nini ulichagua hapa?"

"Udongo ni mweusi. Unang'aa. Nikasema, huu ndio umenenepa."

Sumaya alichota maji kwa kikombe, akayamimina taratibu juu ya tuta. Maji hayakuzama. Yalijikusanya matone matone, yakateremka pembeni kama yanavyoteremka kwenye jani la mgomba.

"Umeona? Mabaki ya mawese mnamwaga wapi?"

"Hapa hapa. Miaka yote."

"Basi udongo huu umekunywa mafuta mpaka umeshiba. Hauwezi tena kunywa maji. Ule weusi ni wa mafuta, si wa mbolea. Haya, angalia juu."

Tahira aliangalia juu. Hakuona mbingu. Aliona makuti ya michikichi tu.

"Mboga hizi zinataka jua angalau saa sita kwa siku," Sumaya aliendelea. "Hapa zinapata la kuonja tu. Na mizizi ya michikichi inazinyang'anya hata chakula kidogo kilichomo udongoni. Tahira, mikono yako haina kosa. Kosa ni la mahali."

Maneno hayo yalimwingia Tahira moyoni. Miezi yote hiyo alikuwa amejiona hana mkono wa kupanda.

"Sasa nipande wapi? Jirani yetu alipanda kule chini, karibu na ziwa. Ziwa likapanda, likameza kila kitu."

"Leo usipande. Leo fuata jua. Chukua vijiti. Asubuhi hii, chomeka kila mahali penye jua. Adhuhuri, rudi uangalie. Alasiri, rudi tena. Kijiti kilichopata jua mara zote tatu, hapo ndipo pazuri. Mimi nitapita tena keshokutwa."

Sumaya alivaa kiatu chake, akaenda mkutanoni.

Siku ile Tahira alizunguka nyumba na vijiti kama mtu aliyepoteza pete. Mariam, mwenye miaka minne, alimfuata nyuma akiuliza, "Mama, jua limeanguka wapi?" Vijiti vya nyuma viliingia kivulini kabla ya adhuhuri. Vya upande wa ukuta vilikwisha alasiri. Mwishoni vilibaki vijiti vitano tu kwenye jua, na vyote vitano vilikuwa katika uwanja wa mbele.

Tahira alitupia jicho mlango wa Bibi Kadidja. Usoni pa nyumba!

Baada ya siku mbili Sumaya alirudi, safari hii kwa miguu. Alichimba shimo dogo penye vile vijiti, kina cha kiganja, akalijaza maji. Muda mfupi baadaye maji yote yalikuwa yamezama.

"Udongo huu unakunywa vizuri," alisema. "Ni wa mchanga, kwa hiyo uupe samadi iliyooza. Mvua ikinyesha, maji yanasimama hapa?"

"Hapana. Yanapita kule kwenye mfereji."

"Choo kiko mbali, ziwa liko mbali, na mlango wa jiko la kupikia uko karibu. Maji ya kuoshea mchele na mboga utayatupa hapa. Ila usimwage yenye sabuni. Na utakuwa unaiona bustani kila ukitoka. Bustani isiyoonekana na mwenyewe huonwa na kuku."

"Tatizo langu si kuku," Tahira alinong'ona. "Tatizo langu ni yule."

Bibi Kadidja alikuwa ameshasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Nimesikia," alisema. "Mboga mbele ya nyumba! Rachid, mwanangu wa mwisho, anaoa baada ya masika. Wageni watakuja kutoka Nyanza-Lac mpaka Bujumbura. Nitawakalisha juu ya lengalenga?"

"Shikamoo, mama," alisema Sumaya. "Wageni wanahitaji nafasi gani?"

"Mikeka minane. Mama yangu aliniachia mikeka minane, na kila arusi ya nyumba hii imekaa juu ya mikeka minane."

Tahira aliingia ndani. Alirudi amebeba mikeka mabegani, Mariam akiburuta mmoja nyuma yake. Akaitandika yote minane uwanjani. Ilipotandikwa, pande mbili za uwanja zilibaki wazi, na vijiti vitatu vilikuwa nje ya mikeka.

"Mama, nitapanda hapa pembeni tu," alisema. "Nakuahidi. Siku ya arusi ya Rachid, mikeka minane itatandikwa hapa. Hautapungua hata mmoja."

Bibi Kadidja alimtazama mkamwana wake. Akamtazama na Mariam, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka.

"Mikeka minane," alisema. "Nitahesabu."

Wiki ile Tahira alipiga matuta, akachanganya samadi ya mbuzi, akasia mbegu za lengalenga. Mansuri alicheka. "Mke wangu anataka kulisha wapita njia!" Lakini jioni alileta makuti mwenyewe, akasuka ua wa kuzuia kuku.

Siku ya tano lengalenga iliota. Wiki ya nne ilimfikia Mariam magotini, majani mapana, mabichi. Tahira alichuma asubuhi, akaipika kwa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani. Mansuri aliongeza ugali mara mbili. Kuhusu jiko la pili hakusema tena neno. Mariam alianza kwenda bustanini kuchuma "mboga yangu", na hakuna aliyeweza kumkataza.

Mafanikio humfanya mtu ajisahau. Masika yalipoanza, Tahira alipata miche kumi na miwili ya biringanya. Pembeni palikuwa pamejaa. Akatazama katikati ya uwanja, pale kijiti cha nne kilipokuwa. Alijiambia, "Arusi bado iko mbali." Akaipanda hapo.

Biringanya zilipenda jua lile. Zilikuwa zimetoa maua ya zambarau, na nyingine zilikuwa na tunda dogo kama yai la njiwa, wakati siku ya arusi ilipotangazwa. Ingekuwa Jumamosi iliyofuata.

Ijumaa alasiri Tahira alipima. Mikeka saba ilienea. Wa nane uliangukia juu ya biringanya.

"Saba inatosha," alisema Mansuri. "Watu watabanana. Nani atahesabu?"

"Mama."

"Mama ana mambo mia leo. Ameshasahau."

"Yeye akisahau, mimi nakumbuka," alisema Tahira. "Uwanja huu nilipewa kwa neno langu."

Jua lilipolegea, alilowesha udongo, akachimba kila mche pamoja na bonge la udongo wake, akauhamishia kwenye magunia karibu na mlango wa jiko. Alijua kwamba mche wenye maua ukihamishwa huweza kufa. Alifanya taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Kisha akasawazisha mahali pale, akapafagia.

Asubuhi miche saba ilikuwa imeinamisha vichwa. Tahira aliipita, akaenda kupika.

Wageni walikuja wengi. Wali ulipita, nyama ilipita, na nyuma yake zikapita sahani za lengalenga. Shangazi mmoja wa bibi arusi alionja, akauliza kwa sauti, "Mboga laini hivi mmenunua wapi?"

"Kununua?" Bibi Kadidja aliinua kidevu. "Geuka nyuma yako, dada. Iko pale. Mkamwana wangu ndiye aliyepanda. Ukitaka kujifunza, muulize. Atakufundisha kufuata jua kwa vijiti."

Wanawake waligeuka, wakacheka kwa mshangao, na mmoja akapiga vigelegele. Wawili waliinuka kwenda kuitazama bustani.

Bibi Kadidja hakuinuka. Alitembeza macho uwanjani polepole, midomo ikichezacheza. Moja. Mbili. Tatu. Akafika mwisho. Kisha akaitazama miche iliyonyauka kwenye magunia, karibu na mlango wa jiko.

Alichukua sahani yake, akaenda kuketi kwenye mkeka wa nane, akapigapiga mkeka kando yake kumwonyesha Tahira nafasi.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema. "Mikeka minane imetimia."