Hendibreki Ilikuwa Juu

— Begi limeenea huko nyuma?

Sikumjibu Rogath. Siku ya nne hiyo sisemi naye, na mimi Joyness nikinuna huwa nanuna kwelikweli. Nikafunga mlango wa ile Korola yake, nikatazama mbele. Akawasha gari tukaondoka nyumbani Bonga kwenda stendi ya Babati mjini, nikapande basi la saa tatu nirudi kwetu Moshi.

Kosa lake? Alipata uhamisho wa kwenda mji wa Kibaya, akakaa na barua mwezi mzima. Mimi mkewe nimekuja kuusikia sokoni kwa mke wa Marseli, mfanyakazi mwenzake.

— Mama, mnahama lini? Tutawakumbuka jamani.

Bwana mifugo mzima, kutwa anabembeleza ng'ombe za watu, mimi wa nyumbani hana neno la kuniambia.

Hatujafika hata barabara kubwa nikaona hendibreki iko juu, hapo hapo katikati yetu. Alisahau kuishusha. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikajisemea, shauri yake.

— Gari zito leo, akasema.

Nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi.

— Labda mafuta ya jana yalichanganywa na maji.

Nikageukia dirishani. Meseji ikaingia, ya mdogo wangu Natalia: "Dada umeshapanda? Mama anauliza, umegombana na shemeji au unakuja tu kusalimia?"

Nikaandika: "Bado. Niko njiani." Machozi yakanilenga, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Baiskeli yenye gunia la mkaa ikatupita darajani. Nyumba za mjini zilipoanza kuonekana, harufu ya kuungua ikajaa ndani, moshi ukatoka magurudumu ya nyuma. Rogath akasimama mbele ya kibanda cha Mikidadi, fundi pancha. Mikidadi akainama, akachungulia, akaja dirishani.

— Bwana Rogath, umetembea na hendibreki juu. Breki zimeungua. Na humo ndani mko wawili, hakuna aliyeiona?

Rogath akaishusha hendibreki.

— Haya, subirini zipoe. Msizimwagie maji.

Akarudi kwenye tairi lake. Rogath akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

— Joy, kweli hukuiona?

— Niliiona.

Neno langu la kwanza kwa siku nne.

— Tangu wapi?

— Tangu nyumbani.

— Sasa mbona hukusema?

— Ningesema, tungewahi basi.

Hapo nikaangua kilio. Hasira zote nilizobeba zikaniishia, nikabaki na uchungu tu.

— Umenificha, Rogath. Mwezi mzima tunalala kitanda kimoja. Kwani mimi ni nani kwako?

— Niliogopa.

— Uliogopa nini?

— Una cherehani yako hapa, una kwaya, una watu wako. Nilijua ukisikia Kibaya utaniambia nitangulie peke yangu. Kila jioni nasema leo namwambia. Nikikukuta unacheka, naacha.

— Uliniuliza?

— Sikukuuliza. Nimekosa, mke wangu. Nisamehe.

— Basi niulize sasa.

Akanishika mkono. Mwanaume yule anayeangusha fahali kwa kamba, akanishika taratibu kama ameshika yai.

— Utakwenda na mimi Kibaya?

— Nitakwenda. Cherehani ina miguu? Tutaibeba. Lakini siku nikisikia tena habari za nyumba yangu sokoni, sitangoja lifti yako. Stendi naijua kwa miguu.

Akacheka, huku anajifuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa bado sijamaliza.

— Ila na wewe, miaka yote hiyo unaendesha. Gari linalia vile, linapitwa na mkaa, husikii?

Akainamisha kichwa.

— Nilisikia. Pale darajani nikatupa jicho, nikaiona iko juu.

— Ukaiacha?

— Nikaiacha. Na nikamwomba Mungu basi lisichelewe hata dakika moja.

Nikampiga kofi la begani, kisha nikamwegemea hapo hapo nilipompiga.