Kura ya Bi Kamado

Asubuhi katika kisiwa cha Hanari, kusini kabisa mwa Japani, huanza kwa kelele. Wanawika majogoo kwanza, kisha yananguruma matrekta ya miwa. Wiki ile kelele zilizidi kwa sababu ya uchaguzi wa meya. Gari lenye vipaza sauti lilipita barabarani: "Shimoji! Naomba kura yako!" Halijafika mbali, likaja jingine: "Hirae! Naomba kura yako!"

Bi Kamado alikuwa akinywa supu ya mwani. Alikuwa na miaka themanini na minane. Aliishi na mwanawe Seijun, mkulima wa miwa, na mkwewe Fumie, mpishi wa shule.

"Huyu Shimoji ndiye anayetaka ghala la makombora?" Bi Kamado aliuliza.

"Mama, kunywa. Supu inapoa," alisema Seijun.

"Nimeanza kunywa supu kabla hujazaliwa. Nimekuuliza swali."

Seijun aliweka chini vijiti vyake vya kulia. "Ndiye. Na mimi niko upande wake. Meli za Wachina zinawafukuza wavuvi wetu. Taiwan iko pale, siku ya mbingu safi unaiona kwa macho. Vita vikianza huko, nani atatulinda? Wewe na jembe lako?"

"Hata zamani askari walisema wanatulinda," alisema Bi Kamado. "Wakatuhamishia msituni, kwenye mbu. Baba akafa kwa malaria. Wadogo zangu wawili wakafa. Adui mwenyewe hatukumwona hata kwa mbali."

"Hayo ni ya mwaka arobaini na tano!"

"Kwangu ni ya jana."

"Basi nenda kapige kura," Seijun alisema kwa kejeli. "Tukuone."

Bi Kamado aliweka bakuli la supu chini. Uso ulimshuka. Seijun alijua amemchoma wapi. Alivaa kofia yake akatoka.

Fumie alimsogelea. Miaka thelathini alidhani mama mkwe wake hapendi tu siasa. "Mama, kwani kuna nini?"

"Sijui kuandika," alisema Bi Kamado. "Vita vilifunga shule. Vilipokwisha nilikuwa yatima, nachunga ng'ombe wa watu. Na kura yetu ni lazima uandike jina la unayemtaka. Nilikwenda mara moja tu. Nikashika penseli mpaka mkono ukalowa jasho. Nikatumbukiza karatasi tupu. Marehemu mume wangu aliisimulia habari hiyo kila penye pombe. Watu wakacheka. Sikurudi tena."

Fumie hakumaliza hata kuosha vyombo. Alikwenda kwa jirani yao Yasuko, ambaye alikuwa amesimamia kura kisiwani kwa miaka mingi. Mchana Yasuko alikuja, akaketi karibu na Bi Kamado.

"Bi Kamado, mbona hukuniambia? Sheria ipo, na ni ya siku nyingi. Ukifika kituoni, mwambie karani: siwezi kuandika. Basi. Watakuja makarani wawili. Utamtaja unayemtaka. Mmoja ataandika, wa pili atatazama kama ameandika kweli ulivyosema. Wote wawili hawaruhusiwi kumwambia mtu."

"Na watu wakinicheka?"

"Nenda kabla ya siku yenyewe. Kura ya mapema hupigwa ofisini kwa meya. Hakuna foleni."

Seijun alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. "Makarani wa nini?" alisema. "Nitamwandikia mimi."

"Huruhusiwi," Yasuko alijibu.

"Mimi mwanawe?"

"Hata mwanawe. Tena mwanawe hasa."

Seijun alimgeukia mkewe. "Umeridhika sasa? Umemleta mtu nyumbani kwangu amchochee mama yangu."

"Mama yako ana kichwa chake," alisema Fumie.

Kesho yake Fumie alimpeleka Bi Kamado ofisini, akabaki nje. Ndani Bi Kamado alisema kwa sauti ndogo, "Siwezi kuandika." Hakuna aliyecheka. Karani kijana aliinama akamsikiliza, akaandika. Wa pili akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Bi Kamado aliitumbukiza karatasi kwa mkono wake mwenyewe.

Shimoji alishinda kwa tofauti ya kura tisa.

Seijun alifungua bia. Fumie alilia jikoni. Yasuko alikuja na tangazo la matokeo. "Kura thelathini na nne zimeharibika," alisema. "Nyingi ni tupu. Nyingine zina mistari tu."

Bi Kamado alilichukua lile tangazo. "Tupu," alisema. "Hao ni wenzangu."

Tangu siku hiyo alianza kuwatembelea wazee, nyumba moja baada ya nyingine, akisukuma kigari chake cha kumsaidia kutembea. Hakumwambia mtu amchague nani. Alisimulia aibu yake, penseli, jasho na kicheko cha mumewe. Kisha alisema, "Mwambie karani: siwezi kuandika. Basi." Wengine walimfukuza. Bi Ushi, rafiki yake wa tangu utoto, alimwambia, "Nani amekuambia mimi sijui kuandika?" Wiki mbili baadaye Bi Ushi alikuja mwenyewe, akauliza ile kura ya mapema hupigwa kuanzia saa ngapi.

Mwaka uliofuata kulikuwa na uchaguzi wa baraza la kisiwa. Kura zilizoharibika zilikuwa tano. Wapinzani wa ghala walipata viti vingi. Baraza likadai serikali ije ijieleze.

Lakini malori ya ujenzi hayakulisubiri baraza. Ghala lilikuwa limeshafika nusu, na Seijun alikuwa akiendesha moja ya malori hayo. Siku hizo alikula peke yake.

Ofisa wa serikali kutoka Tokyo alikutana na wakazi ukumbini, amevaa suti nyeusi. Alionyesha ramani. Vita vikikaribia, alisema, watu wote wa Hanari watahamishwa ndani ya siku sita.

Bi Kamado alisimama. "Mara ya kwanza mlipotuhamisha, walikufa watu wangu watatu. Safari hii tukishahamishwa, nani ataturudisha?"

Ofisa aliinama kwa heshima. Akasema swali hilo atalipeleka Tokyo.

"Liandike," alisema Bi Kamado. "Na huyu Yasuko atazame kama umeandika nilivyosema."

Ofisa alitoa kalamu. Yasuko alisogea karibu yake, akatazama mpaka alipomaliza.