Vidole Vitupu

Lifti ilijaa hadi mlango ukagoma kufunga. Mtafiti alibanwa katikati, koti jeupe limefungwa hadi kooni, amekumbatia ndoo ya barafu. Nyuma yake fundi friji, aliyeitwa kutengeneza friji la maabara, akamchungulia begani.

"Dada, samaki hao unauza?"

"Ni mkasi," akajibu bila kugeuka. "Mkasi unaojikata wenyewe."

Fundi alicheka mpaka lifti nzima ikamgeukia. Walipofika ghorofa ya tano alishamwita Barafu, naye alishampa namba ya simu. Mapenzi hayabishi hodi.

Mkasi wenyewe ulikuwa nyuzi za RNA, molekuli za urithi, kutoka kwenye bakteria. Uzi ukitiwa magnesiamu hujikunja, kisha hujikata wenyewe bila kusaidiwa. Profesa hakuamini, na alimwambia mbele ya wenzake: uzi usiotiwa magnesiamu usipobaki mzima, kazi hana. Vichupa vilibaki vitano tu, na bakteria waliozitoa nyuzi hizo walishakufa.

"Mbona huko kazini huvui glavu?" fundi alimchokoza kwenye simu. "Unaogopa vijidudu?"

"Ngoja nitoke. Nitakushika bila glavu mpaka uombe poo."

Asubuhi ya jaribio alikuta pete imefukiwa kwenye barafu, katikati ya vichupa. Akapiga simu huku analia.

"Ndiyo, mpenzi! Ndiyo mara mia!"

Akaivaa pete, akavaa glavu juu yake, akafanya kazi akiimba.

Jioni picha ya majibu ikatoka. Nyuzi zote zilikuwa zimesagika, hata ule usioonja magnesiamu. Profesa aliitazama picha, kisha akaitazama pete.

"Uzi wako haujikati, binti. Umeoza. Hongera ya ndoa, angalau utapata shughuli."

Fundi alikuwa getini, shati limenyooshwa, ananukia marashi.

"Barafu wangu! Umeona nilivyojua kuficha? Nikavifungua na vichupa vyote, nikapitisha kidole kwenye vifuniko, nimjue huyo mkasi anayeninyang'anya mke."

"Ulivaa glavu?"

"Za nini? Mimi siogopi vijidudu vyako!"

Jasho la kidole linatosha kuisaga RNA yote. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Fundi hakujua. Aliuliza, akajibiwa kwa mzaha. Mtafiti alilikumbuka hilo vizuri sana, na ndilo lililomfanya amchukie zaidi.

Akamweleza kwa maneno machache. Fundi akanywea.

"Nitakwenda kwa profesa. Nitampigia magoti."

"Ukamwambie nini? Kwamba nilikuwa na bwana mjinga?"

"Nisamehe, mpenzi. Nipe mkono tu, basi."

Mtafiti akaivua pete. Akatoa glavu mpya mfukoni, akazivaa taratibu, mkono wa kulia kisha wa kushoto, fundi akimtazama. Ndipo akaushika mkono wake, akaiweka pete kiganjani, akamfumba vidole kimoja baada ya kingine.