Mhakiki wa Pili

Maoni ya mhakiki wa pili yalifika kabla mhariri hajamtumia mtu yeyote makala.

Aliyasoma akiwa kasimama, mkoba ungali begani. Yalikuwa maoni mazuri, makali kidogo, na chini yake palikuwa na jina la marehemu mumewe, aliyewahi kuhakiki makala za jarida lake la kitaaluma la mtandaoni kwa miaka mingi. Tangu azikwe, mwanamke huyu alikuwa kama aliyepigwa ganzi: anakula, anaitikia salamu, anachapisha makala, basi. Hata sasa hakulia. Alimwita tu fundi wa kompyuta.

"Akaunti hii ya marehemu niliifunga mwenyewe, mama," fundi alinong'ona. "Halafu mbona humu ndani kunanuka manyoya yaliyoungua?"

Mhariri alimwambia anyamaze. Akampelekea mwandishi maoni yale, makala ikatoka. Zilizofuata nazo akaziacha zihakikiwe vivyo hivyo, maana kila alipoliona jina lile kwenye kioo cha kompyuta, kifua chake kililegea kidogo.

Kisha waandishi wakaanza kupoteza sauti. Mhadhiri mmoja kijana, aliyekuwa akiitegemea makala yake apandishwe cheo, alikuja ofisini na mkewe. Alifumbua mdomo hakikutoka kitu, na mkewe akaeleza kwa woga kwamba sauti ilimkatika darasani, katikati ya neno, siku ile ile makala ilipochapishwa, na kwamba mwenzake aliyechapishwa humo humo naye yuko hivyo hivyo, na akiwa bado anaeleza vitufe vya kompyuta vikaanza kubonyea vyenyewe, taratibu, harufu ile ya manyoya ikatanda hadi fundi, aliyekuwa mlangoni, akatoka mbio akikohoa, na kwenye kioo, mbele ya watatu waliobaki, maneno yakajipanga: *Nimeipitia. Ina sauti nzuri. Nimeichukua.*

Shangazi yake mhariri, mganga wa majini, aliletwa mchana huo huo. Hakuhitaji kuambiwa mengi.

"Mumeo amelala alipolala, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Jini huyu kavaa jina lake tu. Wewe ndiye uliyemkaribisha, wewe ndiye wa kumfukuza."

"Nikimfukuza, shangazi, nitabaki na nini?"

"Utabaki na nafsi yako."

Mhariri alimtazama mhadhiri aliyejiinamia kitini, mkewe akimshika bega.

"Ondoka," akaiambia kompyuta.

Shangazi akasoma dua, akanyunyiza maji pembe zote za chumba. Kompyuta ikazimika. Harufu ikakatika. Mhadhiri akakohoa, akaita jina la mkewe, na wawili hao wakakumbatiana wakilia. Mhariri alikusanya vitu vyake, akaenda nyumbani bila kumuaga mtu.

Kesho yake simu ya ofisini ililia. Aliipokea.

"Haloo."



"Samahani, mzee," mhadhiri akasema upande wa pili. "Namtafuta mama mhariri, nimshukuru."

Mhariri hakushtuka. Alivuta kiti, akaketi.

"Ndiye mimi," akajibu kwa sauti nzito ya mumewe. "Hongera, kijana. Una makala nyingine?"