Kipande Hakihesabu Nusu Siku

Mathias alikuwa mwanafunzi wa ualimu katika chuo kimoja karibu na Kilosa. Masomo yaliisha saa tisa alasiri. Wenzake walikwenda kucheza mpira. Yeye hakuwa na moyo wa mpira.

Kwao ni Mikumi, na baba yake alikuwa amefariki. Mwaka ule, 1971, tembo na nguruwe pori walimaliza mahindi ya mama yake, Hildegarda, yakiwa bado mabichi. Mama hakujua kuandika. Alimwomba jirani amwandikie barua: "Mwanangu, hatuna kitu. Januari shule inafunguliwa. Ada ya Fausta itatoka wapi? Mwalimu mkuu amesema bila ada asirudi."

Fausta alikuwa mdogo wake wa pekee. Alikuwa darasa la nne, na alimzidi Mathias akili. Mathias mwenyewe alikiri hivyo mbele za watu.

Zilibaki wiki saba shule ifunguliwe. Mathias akatafuta kazi ya kufanya baada ya masomo.

Mwalimu Selestina wa pale chuoni alimwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kijiji cha ujamaa kule ng'ambo ya reli kina darasa la kisomo cha watu wazima, ila hakina mwalimu. Ni siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi. Posho ni ndogo, lakini hutolewa kila mwisho wa mwezi."

Alipotajiwa posho yenyewe, Mathias alikaribia kucheka. Alisema atafikiria. Kesho yake alikwenda shamba la mkonge.

Karani wa shamba alimwonyesha kipande, yaani kadi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, chumba kimoja kinawekwa alama. Vyumba vikijaa, unalipwa. Mshahara wake ulikuwa mara nne ya ile posho! Mathias alijiambia: siku thelathini, kisha ada ya Fausta, unga wa mama, na kitu kitabaki. Hakuuliza neno lingine. Aliona haya, mtu wa chuo, kumwuliza karani maswali. Haya za namna hii zimetuumiza wengi.

Alasiri nne kila wiki, na Jumamosi kutwa, alikata mkonge mpaka giza. Miiba ilimchoma mikono hata kalamu ikamshinda kushika. Darasani alisinzia. Akashindwa jaribio la hesabu, na mkuu wa chuo akampa onyo: akishindwa tena, atarudi kwao. Mathias alivumilia. Alimfikiria Fausta tu.

Wiki ya sita ilipoisha, alikwenda ofisini kuchukua mshahara. Karani, ambaye ndiye aliyezitunza kadi, akamtolea yake. Ilikuwa na alama sita, zote za Jumamosi.

"Na siku nyingine?" Mathias aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siku nyingine hukumaliza," karani alisema. "Anayefuata!"

Nje alikuwepo mkata mkonge wa siku nyingi, Mzee Kondo. Alimwona kijana amesimama tu, kadi mkononi.

"Kuna nini, mwanangu?"

Mathias akamwonyesha. Mzee Kondo hakujua kusoma, lakini kadi ile aliijua vizuri.

"Kipande hakihesabu nusu," alisema. "Kuna idadi ya mafungu ya kukata kwa siku. Usipoitimiza, siku hiyo umefanya kazi ya bure."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulimwuliza nani? Sisi tulidhani msomi anajua. Mimi siku ya kwanza nilimganda karani mpaka akachukia. Kazi ya siku ni kiasi gani? Nikishindwa kuimaliza, itakuwaje? Nitalipwa lini? Sikuinuka mpaka nimejibiwa."

Mathias alikaa chini kwenye vumbi, akalia mbele ya watu.

"Hii ni kazi ya mwenye siku nzima," Mzee Kondo alisema taratibu. "Wewe siku yako nusu ni ya chuo. Tafuta kazi inayolipa nusu siku, hata kama ni kidogo. Na isikunyang'anye masomo."

Mathias alirudi kwa Mwalimu Selestina, macho chini. Kazi ilikuwa bado ipo. Akaanza kufundisha. Mzee Kondo naye alijiandikisha, akakaa mbele kabisa.

Mwisho wa Januari posho ilitoka. Ilitosha ada ya Fausta. Ingetosha tangu mwanzo. Mathias aliituma siku ileile. Barua ya mama ikajibu: "Umechelewa, mwanangu. Nafasi yake amepewa mtoto mwingine."

Mathias hakuacha kufundisha. Hakusinzia tena darasani, na mwezi wa sita alifaulu mtihani. Siku hiyohiyo Mzee Kondo aliandika jina lake lote bila kusaidiwa. Watu walimpongeza Mathias, naye aliwashukuru. Moyoni hakuwa na furaha.

Likizo ilipofika alipanda treni kwenda Mikumi. Alimkuta Fausta shambani, anagonga debe kufukuza nguruwe.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama anasema unafundisha. Darasa lako linachukua watu gani?"

"Watu wazima," Mathias alijibu.

Fausta alifikiri kidogo.

"Basi nitangoja niwe mtu mzima," alisema, akaendelea kugonga debe.