Doa Kwenye Unyayo wa Fundi

Msusi na mumewe walifanya kazi katika chumba kimoja, pazia likiwa katikati. Upande huu Msusi alisuka nywele. Upande ule mumewe, Fundi, alishona nguo kwa cherehani ya kukanyaga. Fundi akikanyaga taratibu, Msusi naye anasuka taratibu. Akikimbiza, vidole vya Msusi navyo vinakimbia.

"Mume wangu ndiye redio yangu," aliwaambia wateja. "Tena haili betri!"

Fundi alikanyaga peku. "Mguu lazima uisikie mashine," alisema. Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea kwenye unyayo wake wa kulia, hakushtuka. Alidhani ni alama ya pedali. Lilipoanza kuwasha, Msusi alileta kopo la krimu alilonunua sokoni. Halikuwa na jina wala maelezo. Alizoea kuwapaka wateja wenye vipele shingoni.

Muwasho ukaisha.

"Si nilikwambia?" Msusi alitamba. "Daktari wako niko hapa hapa!"

"Daktari gani ananukia mafuta ya nywele?" Fundi alimtania.

Lakini doa halikuwa na habari na mzaha wao. Lilizidi kupanuka kimya kimya.

Siku moja Nesi wa kituo cha afya alifuata sare yake. Alimkuta Fundi amepandisha mguu juu ya goti, anabandua uzi ulionata unyayoni.

"Fundi, usiushushe huo mguu."

"Nesi, kinachouzwa hapa ni nguo. Mguu siuzi."

Nesi hakucheka. Aliinama, akatazama. "Kingo zake zimepinda. Hapa jeusi, hapa kahawia. Na linakua?"

"Linakua," Msusi alijibu, akitokeza kichwa kwenye pazia. "Lakini haliwashi tena. Nimelipaka krimu yangu."

Nesi aliomba kuliona kopo. "Dada, krimu za hivi nyingi hutiwa steroidi. Hiyo ni dawa ya jamii ya homoni. Hutuliza muwasho na uvimbe. Ukipewa na daktari kwa ugonjwa wake, inafaa sana. Lakini hapa umemziba mdomo mbwa anayebweka, na mwizi bado yumo ndani."

"Mwizi gani?"

"Huenda ni saratani ya ngozi. Hata sisi weusi tunaipata, tena hupenda nyayo na chini ya kucha."

Msusi alilitazama kopo lake. "Basi nimeilisha mwenyewe?"

"Hilo siwezi kulisema. Wataalamu bado wanachunguza jinsi homoni hizi zinavyogusa seli za saratani. Katika maabara, kuna zinazopunguza kasi ya seli hizo. Lakini mguu wa mtu si chupa ya maabara. Tunachojua ni hiki: krimu hii haiponyi saratani. Inaificha, na mtu anachelewa."

"Watamkata mguu?"

"Tukiwahi, huenda wakakata doa tu. Twendeni kesho."

Hospitali walikata kipande cha ngozi, wakakipima. Ilikuwa saratani kweli. Lakini haikuwa imezama wala kusambaa. Daktari aliliondoa doa lote na ngozi kidogo ya pembeni, akaliziba pengo kwa ngozi ya paja.

Fundi aliuguza mguu nyumbani. Chumba kilikuwa kimya. Msusi alisuka, akafumua, akasuka tena. Vidole havikujua pa kwenda bila redio yao.

Kisha asubuhi moja, mteja akiwa kitini, pazia lilitikisika. *Taka-taka... taka...* Fundi alikuwa anakanyaga kwa mguu wa kushoto, kandambili mpya miguuni. Alikosea, akatukana uzi, akaanza tena. *Taka-taka-taka-taka!*

"Redio imerudi hewani!" Msusi alipiga kelele huku machozi yakimtoka.

Fundi anaendelea kwenda kupimwa, asije mwizi akarudi kinyemela. Kopo la krimu lilitupwa siku ile ile Nesi alipoliona. Na mteja akiingia kwa Msusi leo, hata awe na haraka namna gani, anaambiwa avue viatu.

"Nyayo kwanza, mwenzangu," Msusi humwambia. "Nywele baadaye."