Jicho Lisilouma la Tyra

Kila Ijumaa baada ya chai, Bi Inger, mlezi wa bweni letu, alimdunga Tyra sindano ya paja. Tyra ana baridi yabisi tangu akiwa na miaka minne. Magoti yake huvimba, asubuhi vidole hugoma kukunjika, na mara kwa mara hutolewa damu wapime kama dawa inaliumiza ini. Yote hayo aliyavumilia kwa matusi machache tu. Alichokataa ni kliniki ya macho.

"Macho hayaniumi," aliniambia Jumatatu ile. "Na matone yao yananiacha sioni vizuri hadi jioni. Leo tunapiga pipa, Villads. Nifanyie ile sauti."

Mimi, kwa unyenyekevu mkubwa, ndiye mwigaji bora wa sauti za walezi shuleni. Nilipiga simu kliniki nikijifanya Bi Inger, nikakohoa kwa heshima, nikaahirisha. Novemba pia nilifanya hivyo. Bi Inger mwenyewe alidhani Tyra anakwenda peke yake asubuhi na kurudi.

Mchana, kama kila mwaka kabla ya Kwaresima, pipa la mbao lilining'inia uwanjani, limejaa peremende, limechorwa paka mweusi. Kila mtu alipewa pigo moja la rungu, na tulipiga kama wenye kisasi. Mwenzetu Birk alipasua ubao ukamchana shavu. Akafuta damu, akaomba arudie.

"Panga foleni, mshenzi," tukamzomea.

Ukabaki ubao mmoja. Anayeuangusha ndiye Mfalme wa Paka, na zamu ilikuwa ya Tyra.

"Bibi kizee, tukuletee kiti?" Birk akamtania.

"Kiweke. Nikimaliza utakihitaji wewe."

Nilikuwa nimeshika kamba ya pipa, kushoto kwake. Tyra alizungusha rungu kwa nguvu zote. Likaupita ubao, likatua begani kwangu. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Nikaanguka kwenye theluji. Birk, akidhani ni makusudi, akamsukuma Tyra. Tyra akampasua pua kwa kiwiko, wakagaragazana mpaka walimu wawili wakawatenganisha.

"Sikumwona," Tyra alikuwa akilia. "Upande huo kuna ukungu."

"Tangu lini?" akauliza Bi Inger, aliyekuja mbio.

"Tangu Krismasi."

"Na leo asubuhi daktari alisemaje?"

Tyra akanitazama, akinisihi ninyamaze. Nilijua nikisema nitampoteza rafiki, na nisiposema atapoteza jicho.

"Hakwenda," nikasema. "Na Novemba pia hakwenda. Aliyepiga simu kwa sauti yako ni mimi."

"Msaliti wee," akasema Tyra.

Jioni hiyohiyo hospitalini, mimi nikifungwa mkono, daktari wa macho alilimulika jicho la Tyra. Ndani kulikuwa na uvimbe, na ukingo wa mboni ulikuwa umeanza kugandamana na lenzi iliyo nyuma yake. Akaandikiwa matone ya kila saa na dawa nyingine. Uoni ungerudi, alisema daktari, ila miezi michache zaidi ingekuwa balaa.

Bi Inger alituketisha kwenye benchi la ukumbini.

"Gotini ugonjwa huu hupiga kelele," alisema. "Jichoni unafanya kazi kimyakimya, ndiyo maana tunakwenda kuutafuta hata pasipouma kitu. Na wewe, Villads, unapomficha mwenzako asimwone daktari, unayemsaidia ni ugonjwa."



Tyra alininunia siku tisa. Siku ya kumi aliingia chumbani kwangu na chupa ya matone, akaketi, akainua uso juu.

"Mkono wako mzima unatetemeka?"

"Hautetemeki."

"Basi tia. Ukinipofua, una bega lingine."